Shajara ya mradi: kuufuata ukoo mmoja kwenye majalada ya serikali, Pemba hadi Mombasa

Mradi unafuatilia ukoo wenye matawi matatu: Chake Chake, Ng'ambo ya mjini Unguja, na Mombasa. Tawi la nne linasemekana liliishia Ghuba. Majina ya wenyewe hayawekwi hapa, na majina yote ya mifano ni ya kubuni. Kinachowekwa ni njia: jalada gani lilifunguliwa, lilikuwa na nini, na lipi halikufaa na kwa nini.

Msingi wa kazi nzima ni mmoja. Serikali za pwani, ya Sultani, ya Mwingereza na ya Mjerumani, hazikuandika koo. Ziliandika tukio: mtu alipodaiwa kodi, alipouza shamba, alipoandikwa huru, alipokufa akaacha mali, alipogombana na jirani. Anayeingia masjala akiuliza "mna nini kuhusu ukoo wetu?" atajibiwa kwa haki kabisa kwamba hakuna kitu. Anayeuliza "nani alisimamia mirathi Chake Chake miaka ya 1910?" ataletewa daftari.

Januari: karatasi za sandukuni na wazee

Kabla ya kwenda kokote, kila kipande cha karatasi kilichomo majumbani kipigwe picha pande zote mbili. Nyuma ndiko kwenye mihuri, na mara nyingi kuna nambari iliyoandikwa kwa penseli ambayo mwenye karatasi hajawahi kuiona. Zilizopatikana hadi sasa: stakabadhi za kodi, hati ya eka tatu, nakala ya hukumu ya kadhi, na waraka mmoja wa Kiarabu uliokunjwa mara nane hadi mikunjo imekula herufi. Karatasi ya namna hiyo isifunguliwe kwa nguvu. Iachwe siku nzima kwenye chumba chenye unyevu kidogo, ndipo ifunguliwe kidogo kidogo juu ya kitambaa safi. Isipigwe pasi wala kubandikwa gundi ya plastiki. Gundi hiyo hugeuka manjano, na ikibanduliwa huondoka na wino.

Tahadhari kuhusu nambari: nambari iliyo juu ya barua ya zamani ni ya masjala ya ofisi iliyoiandika, si ya hifadhi ya nyaraka. Majalada yalipohamia hifadhini yalipewa nambari mpya. Nambari ya zamani inasaidia pale tu orodha ya hifadhi inapoitaja pembeni, kwa hiyo inakiliwe bila kutegemewa.

Maswali ya wazee yamebadilishwa. Swali la "babu wa babu aliitwa nani?" linaleta jina moja na kukatika hapo. Yanayozaa matunda ni haya: alilipa kodi kwa sheha au jumbe gani? Nani alirithi mikarafuu, na nani alinyimwa? Kesi ilisikilizwa kwa mudiri, kwa liwali au kwa kadhi? Shamba lilipakana na la nani? Jirani wa shamba amekuwa wa thamani kuliko mjomba, kwa sababu hati za ardhi huandika mipaka minne kwa majina ya wenye mashamba.

Februari: ngazi ya miaka

Kila tawi limepangwa dhidi ya matukio yaliyozalisha karatasi.

Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Bei ikapanda, mashamba ya Pemba yakapanuka, na watu wa kuyafanyia kazi wakaletwa. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ukafunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha watumwa baharini. Kwa hiyo tawi la Pemba, ambalo wazee wake wanasema "tulikuja kwa ajili ya karafuu", lina uwezekano mkubwa wa kuwa lilifika baada ya 1872, na kama lililetwa utumwani baada ya Juni 1873 basi lilifika kwa magendo. Hakuna forodha iliyomwandika mtu aliyeletwa kwa magendo. Kupekua daftari za forodha kumeondolewa kwenye mpango.

Tarehe 6 Aprili 1897 ilitoka amri ya Sultani Hamoud iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Haikumwacha huru kila mtu siku hiyo. Mtu alitakiwa aende mwenyewe kwenye mahakama kudai, na bwana alilipwa fidia. Penye fidia pana hesabu, na penye hesabu pana majina. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Upande wa Mombasa na ukanda wote wa pwani ya Kenya, sheria kama hiyo ilifika 1907. Tanganyika ni 1922, ingawa Mjerumani alikuwa akitoa barua za uhuru mapema zaidi, na aliamuru kwamba mtoto atakayezaliwa na wazazi watumwa baada ya mwaka 1905 ni huru.

Ngazi hii imetuokoa na upekuzi mwingi usio na tija. Anayesemekana "aliandikwa huru Mombasa kabla ya Mwingereza kuondoa utumwa" hatafutwi kwenye fidia za 1907. Huyo anatafutwa kwenye nyaraka za kadhi.

Machi: majina, na kwa nini orodha hazioani

Watu wa pwani hawakuwa na jina la ukoo kwa maana ya karani Mzungu. Faraji bin Mbaruku ni Faraji mwana wa Mbaruku; mwanawe ni Juma bin Faraji, na jina Mbaruku limeshatoweka. Faharasa zilizopangwa kwa "jina la mwisho" humweka mtu huyohuyo mahali patatu.

Kwa kila jina imetengenezwa orodha ya tahajia. Khamisi: Khamis, Hamis, Hamisi, Hamees. Mbaruku: Mubarak, Mabruk, Mabruki, Mbarak, Mbarouk. Mwinyi: Muinyi, Mwenye, Mwenyi, Munyi. Binti: Binte, Bint, Bt. Tafuta kila moja. Kisha tafuta jina la kwanza peke yake pamoja na mahali.

Walioachwa huru wana tabaka la ziada. Wengi walipewa majina ya sifa au bahati: Faraji, Baraka, Feruzi, Majaliwa, Zafarani, Tausi. Baba akiwa hajulikani, au hatajwi kwa makusudi, karani au kadhi huandika "bin Abdallah", kwa kuwa kila mtu ni mja wa Mungu. Ukikuta watu kumi wenye baba aitwaye Abdallah kwenye ukurasa mmoja, usiwafanye ndugu. Wengine walichukua nisba ya bwana, yaani jina la ukoo au kabila lake, na kizazi cha tatu kinaiona nisba hiyo kuwa kabila lake. Hili ni jambo la kuzungumzwa na familia kwa heshima kabla halijaandikwa popote. Wapo wanaolijua na hawataki litamkwe.

Safu ya kabila isitumike kumkataa mtu. Huyohuyo anaweza kuwa Mnyasa kwenye daftari la uhuru, Mswahili kwenye hesabu ya watu ya 1924 na Mshirazi kwenye ile ya 1948, bila mtu yeyote kusema uongo. Makundi yalibadilika, na faida za kuwa katika kundi fulani zilibadilika nayo.

Kanuni iliyopitishwa: watu wawili kwenye karatasi mbili wahesabiwe mmoja pale tu vitu vitatu kati ya vitano vinapooana, yaani jina lake, jina la baba, mahali, mali au kazi, na mtu mwingine anayetajwa pamoja naye. Jina na jina la baba peke yake havitoshi. Kina Juma bin Khamisi pwani hawahesabiki.

Aprili: Kilimani

Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar iko Kilimani, mjini Unguja. Asiye raia anahitaji kibali cha utafiti, na kibali kianze kuombwa kabla ya kukata tiketi. Chumba cha kusomea ni penseli tu. Jalada huombwa kwa fomu, kwa alama ya kundi na nambari, na msomaji anayekuja na alama mkononi huhudumiwa haraka kuliko anayekuja na hadithi.

Makundi yaliyotumika: AA ni nyaraka za ubalozi wa Mwingereza kabla ya himaya, AB ni za Sekretarieti, AM ni hati zilizosajiliwa, HC ni kesi za mahakama, HD ni mirathi. Kwa utafiti wa ukoo, mpangilio wa faida ni karibu kinyume cha mpangilio wa orodha: anza HD, kisha AM, kisha HC. AA na AB zina sera nyingi na watu wachache, ila pale zinapobeba viambatisho vya majina. Mtafiti wa siasa atabishana nasi hapa. Abishane.

Yaliyokwama: baadhi ya majalada yapo kwenye orodha lakini hayapo kwenye rafu, na mengine karatasi zake zimeliwa na wino wake wenyewe kiasi kwamba hazitolewi. Jibu la "halipatikani" liandikwe kwenye shajara pamoja na tarehe, na ombi lirudiwe baadaye. Jalada lililokuwa kwa mkarabati hurudi.

Mei: hati za Kiarabu na Kiswahili cha herufi za Kiarabu

Hapa kazi ilipungua kasi, na inastahili.

Hati za AM ni za mauzo, rehani na madeni, kuanzia karne ya kumi na tisa. Mwenye kudaiwa "amekiri" kiasi fulani cha reale kwa fulani, kwa muda fulani, na dhamana ni shamba mahali fulani. Aina inayojirudia ni bei ya khiyari: kwa sura ni mauzo, kwa kweli ni rehani, kwa kuwa muuzaji ana hiari ya kulikomboa shamba akirudisha fedha. Usiandike kwamba babu "aliuza shamba mwaka fulani" kabla ya kutafuta hati ya kukomboa. Hao wanaoitwa "waliouza" wengi walibaki wakiishi palepale wakilipa kodi ya shamba lao wenyewe.

Kusoma majina: herufi za Kiarabu hazina p, ch, g wala v ya Kiswahili. Mwandishi alitumia b kwa p, shini au jimu kwa ch, ghaini kwa g, na fe kwa v. Nukta zikiachwa, kama ilivyokuwa kawaida ya mkono wa haraka, b, t, n na y zote ni jino moja dogo. Pemba huonekana kama "Bimba", Chake kama "Shaki", Chwaka kama "Shwaka". Njia inayofanya kazi ni kuandika kwanza majina yote ya mahali ya wilaya ile kwa herufi za Kiarabu bila nukta, kisha kulinganisha umbo kwa umbo. Kubahatisha neno kutoka mwanzo kunazaa vijiji ambavyo havijawahi kuwapo.

Tarehe ni za Hijria. Kwa haraka: zidisha mwaka kwa 0.97, ongeza 622. Mwaka 1314 unatoa 1896 na ushei, na kweli ulianza Juni 1896 ukaisha mwanzoni mwa Juni 1897. Kwa hiyo hati ya 1314 isiyo na mwezi haiwezi kusema kama iliandikwa kabla au baada ya amri ya Aprili 1897. Andika miaka yote miwili, 1896/97, usichague.

Miezi ya mfunguo huwakwaza hata wazaliwa. Mfunguo mosi ni Shawali, lakini mwaka wa Hijria unabadilika kwenye mfunguo nne, ambao ni Muharamu. Hati ya mfunguo pili 1314 ilikuja baada ya hati ya mfunguo sita 1314, si kabla. Mti wa ukoo ulikuwa na mtoto aliyezaliwa baada ya mirathi ya baba yake kugawanywa. Kosa lilikuwa hapo tu.

Juni: mirathi, jalada lenye nyama

Jalada la HD la kawaida lina ombi la kusimamia mali, orodha ya warithi na uhusiano wao na marehemu, orodha ya mali na idadi ya mikarafuu na minazi, madeni, na mara nyingine ushahidi wa mdomo. Warithi wakigombana jalada linanenepa, na mtafiti afurahi kimyakimya.

Aliyeachwa huru na bwana wake alibaki na uhusiano wa walaa. Kwa fiqhi ya Kishafi, akifa bila asaba wa damu, yaani jamaa wa kiume wa upande wa baba, aliyemwacha huru au asaba wa huyo huingia kwenye mirathi. Marehemu akiacha binti mmoja tu, binti huchukua nusu, na nusu iliyobaki inaweza kudaiwa upande wa bwana wa zamani. Kwa hiyo binti, ili nusu hiyo ibaki kwenye familia, ana kila sababu ya kuthibitisha kwamba marehemu ana ndugu wa kiume, na upande wa pili una kila sababu ya kukana. Mashahidi huulizwa marehemu alizaliwa wapi, aliletwa na nani, aliandikwa huru na nani, wajoli wake, yaani watumwa wenzake wa bwana mmoja, ni akina nani. Hakuna karatasi nyingine ya serikali inayouliza maswali hayo kwa undani huo. Kumbuka tu kwamba kila shahidi ana upande. Jibu moja ni dai. Majibu ya pande mbili yanayokubaliana juu ya jambo lisilogombaniwa ndiyo ya kutegemea.

Kilichochunguzwa kwa makini: kama uhuru ulitoka kwa bwana au kwa serikali chini ya amri ya 1897. Walikuwapo waliodai kwamba uhuru wa serikali si uhuru wa sharia, na hoja hiyo huibuka kwenye mirathi miaka mingi baadaye. Mtu akikosekana kwenye fidia lakini warithi wa bwana wanajitokeza kwenye mirathi yake, huenda aliandikwa huru kwa hiari ya bwana.

Bibi aliyekuwa suria hatapatikana kwa jina lake kwenye daftari za 1897. Atafutwe kwenye mirathi ya bwana, kupitia watoto wake: mtoto wa suria ni mtoto halali na anarithi sawa na wengine, hivyo huorodheshwa, na mama hutajwa pembeni. Nyanya mkuu wa tawi la Ng'ambo amepatikana kwa njia hiyo, kwenye mstari mmoja tu.

Julai: Mombasa na Nairobi

Kabla ya kwenda Nairobi, pekua Gazeti la Serikali. Gazeti rasmi la Kenya linaanzia 1899, na matoleo mengi yamepigwa picha na yanatafutika bure mtandaoni kwenye Google Books. Matangazo ya mirathi hutaja jina la marehemu, mahali, na nambari ya shauri na mwaka. Nambari hiyo ndiyo ya kuombea jalada mahakamani au hifadhini. Utafutaji unakwama kwa sababu kompyuta ilisoma chapa mbovu: "bin" imekuwa "hin", "m" imekuwa "rn", na jina lililokatwa mwisho wa mstari halipatikani kabisa. Tafuta jina moja pamoja na "Mombasa", kisha pitia kwa macho.

Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wadai wa ardhi ya ukanda wa pwani wathibitishe madai yao mbele ya Msajili wa Hati. Mtu alithibitisha kwa kueleza alirithi kwa nani, na huyo kwa nani. Kwa tawi la Mombasa, dai moja limetoa vizazi vitatu na mipaka minne. Dai lililokataliwa lina faida sawasawa na lililokubaliwa.

Hifadhi ya taifa ya Kenya iko Moi Avenue, Nairobi. Nyaraka za mkoa wa Pwani zimo kwenye kundi la PC/COAST, na za wilaya kwenye makundi ya DC. Sehemu kubwa ya nyaraka za mikoa na wilaya ilipigwa filamu, na nakala zipo Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, jambo linalowafaa jamaa walioko huko.

Vipande vya kazi, vile vya kuvaliwa shingoni, vilianza kutumika Kenya mara baada ya Vita vya Kwanza. Familia ikiwa nacho, kinataja wilaya, mwajiri na mshahara. Wabeba mizigo wa vita hivyo, Carrier Corps au "Kariakoo", ni pengo kubwa: makumi ya maelfu walikufa, na wengi hawana jina kwenye kaburi wala kwenye orodha. Mzee wa ukoo anayesemekana "alipotea Kariakoo" amewekwa alama ya kusubiri.

Agosti: nje ya nchi

Kew, London, kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza: kundi la FO 84 ni la biashara ya utumwa hadi 1892, CO 618 ni Zanzibar, CO 533 Kenya, CO 691 Tanganyika. Katalogi yao haina majina ya watu wa kawaida. Inataja jalada na miaka. Kinachotafutwa ni viambatisho, hasa orodha za watu waliotolewa majahazini na manowari. Kupiga picha kwa kamera yako mwenyewe chumbani ni bure, kwa hiyo jamaa mmoja aliyeko huko akipewa orodha nzuri anamaliza kazi ya wengi.

Nyaraka za Kijerumani: Dar es Salaam zimo kwenye kundi la G, na filamu zake ziko Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, kwa alama R 1003, mtandaoni. Mwandiko ni wa Kijerumani cha kale. Hakuna tawi la Tanga lililothibitishwa bado, hivyo tumepita.

Ghuba ndiko kulikoshangaza. Nyaraka za wakala wa Mwingereza wa Bushire, bandari ya Uajemi, kundi la IOR/R/15/1 la India Office, zinapatikana bure kwenye Qatar Digital Library. Ndani yake yamo maelezo ya watu waliokimbilia kwa mawakala wa Sharjah, Bahrain, Muscat na kwingineko, hasa miaka ya 1920 na 1930, wakiomba cheti cha uhuru. Kila maelezo ni nusu ukurasa hivi: jina, umri wa kukadiria, alikozaliwa, alichukuliwaje, aliuzwa kwa nani, kwa nini amekimbia. Wamo waliozaliwa pwani yetu, na wamo waliozaliwa hukohuko na wazazi wa pwani yetu. Tafuta kwa neno manumission (kuachwa huru), kisha Zanzibar, Suahili, Swahili na Sawahil, kila moja peke yake. Umri usiaminiwe kwa chini ya miaka mitano kushoto na kulia, kwani karani alikadiria kwa macho.

Jina linalofanana na la tawi la nne limeonekana mara mbili. Kwa kanuni ya vitatu kati ya vitano, la kwanza lina viwili, la pili lina kimoja. Hakuna aliyeingizwa kwenye mti.

Hali ya sasa

Chake Chake: vizazi vitano, vinne vina karatasi. Ng'ambo: vizazi vinne, ila baba wa nyanya mkuu hajulikani. Mombasa: vitano, na shaka kwenye cha pili kwa sababu ya Abdallah wawili. Ghuba: wazi.

Yanayofuata: kurudia maombi mawili ya HD yaliyojibiwa "halipatikani", kuomba kumbukumbu za Kamisheni ya Wakfu kuhusu msikiti mdogo unaotajwa kama mpaka wa shamba, kwa kuwa hati ya wakfu huorodhesha wanufaika, na kutafuta kwenye matangazo ya gazeti rasmi la Zanzibar, lililoanza 1892, jina la bwana wa shamba badala ya la babu. Waraka uliokunjwa mara nane umeshasomwa mistari sita. Wa saba una jina la mahali lenye meno manne bila nukta, na kwenye orodha ya vijiji vya Pemba yako matatu yanayoweza kuwa hilo.